Yuhi Musinga, mwami aliyeingia katika vita vya wengine

Alipoamua kuwasaidia Wajerumani mwaka 1914, Mwami Yuhi V Musinga wa Rwanda alitaraji kurejeshewa ardhi ambayo mataifa ya Ulaya yalikuwa yameimega kutoka katika nchi yake. Vita vilipokwisha, alikuwa ameelekea kupoteza ardhi zaidi, raia wake wengi walikuwa wamekufa kwa njaa, na serikali za mbali zilikuwa zikiijadili Rwanda kama mali ya kubadilishana.

Anayeshuka leo kutoka kilima cha Nyarugenge kwenda Kimisagara, jijini Kigali, huuona Mlima Kigali ukiwa umesimama mbele yake, nyumba zikiwa zimeshikana kutoka bondeni hadi mteremkoni, na upande wa kaskazini kituo cha mabasi cha Nyabugogo kisichotulia mchana wala usiku. Juu, katika ukingo wa Nyarugenge, ipo nyumba ya Richard Kandt, daktari wa Kijerumani aliyeanzisha kituo cha utawala mahali hapo mwaka 1907. Siku hizi nyumba hiyo ni makumbusho.

Mwaka 1916 mji haukuwa mkubwa hivyo. Palikuwa na majengo machache ya serikali, maduka ya wafanyabiashara Wahindi na Waarabu, na makazi ya askari, wapagazi na wachuuzi waliozungumza Kiswahili, lugha waliyokuja nayo kutoka pwani na Tabora. Miteremko ya jirani ilikuwa mashamba na malisho. Tarehe 6 Mei mwaka huo, wanajeshi wa Kongo ya Kibelgiji waliingia Kigali. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka. Wakulima waliokuwa wakilima maharage na mtama kwenye vilima hivyo walikuwa na bwana mpya, na hapakuwa na mtu yeyote aliyewauliza kama walimtaka.

Mwami mwenyewe hakuwapo. Makao yake yalikuwa Nyanza, kusini, na siku 13 baadaye majeshi ya Ubelgiji yalifika huko pia. Musinga hakukimbia. Aliwangoja.

Kiti kilichopatikana kwa damu

Ili kuelewa kwa nini mfalme wa Kiafrika alijifunga na upande mmoja wa vita vilivyoanzia Ulaya, yafaa kurudi nyuma miaka 20.

Musinga alizaliwa yapata mwaka 1883, mwana wa Kigeri IV Rwabugiri, mfalme mpiganaji aliyeipanua Rwanda kuliko watangulizi wake wengi. Rwabugiri alifariki mwaka 1895, akamwachia kiti mwanawe Mibambwe Rutarindwa. Mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekwisha kufa, na kwa kuwa mila ilitaka kila mwami awe na mama wa kutawala naye, Rwabugiri alimteua mke wake mwingine, Kanjogera, ashike nafasi hiyo. Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kumzaa. Mwishoni mwa mwaka 1896, yeye na kaka zake wa ukoo wa Abega walimpindua Rutarindwa huko Rucunshu. Mfalme aliangamia pamoja na watu wake wa karibu. Musinga, mvulana wa miaka kama 13, akatawazwa.

Utawala ulioanza hivyo haukuweza kulala usingizi mzuri. Mikoani walikuwapo walioendelea kuamini kwamba kiti kimeibwa, na kaskazini hasa, koo ambazo hazijawahi kuipenda Nyanza zilipata sababu mpya ya kuikataa.

Mwaka huohuo wa 1896, kikosi cha Dola Huru ya Kongo kiliwashinda wapiganaji wa Rwanda huko Shangi, kwenye kona ya kusini ya Ziwa Kivu. Bunduki zilionyesha kile ambacho mikuki haingeweza kukizuia. Kwa hiyo Kapteni Ramsay wa Ujerumani alipofika mwaka uliofuata akiwa na ahadi ya ulinzi, baraza la mwami lilimpokea. Ilikuwa hesabu ya watu waliotoka kuona damu mara mbili: Mzungu mmoja angeweza kutumika kumzuia Mzungu mwingine, na huenda hata kuwanyamazisha wapinzani wa ndani.

Kwa muda hesabu hiyo ilionekana kuwa sahihi. Wajerumani walikuwa wachache mno kutawala peke yao. Kandt, akiwa Mkazi wa serikali, alitawala kwa kupitia kwa mwami. Mwaka 1912, mtu aliyejiita Ndungutse, akidai kuwa mwana wa Rutarindwa, alipokusanya maelfu ya wafuasi kaskazini, jeshi la Wajerumani lilikwenda kuuzima uasi huo kwa moto na risasi. Kiti cha Nyanza kiliokolewa. Lakini kuanzia siku hiyo, kwa watu wengi wa kaskazini, mwami na Mjerumani walikuwa kitu kimoja.

Musinga alijifunza Kiswahili, lugha ya utawala wa Kijerumani, akaweza kuzungumza na maofisa bila kumtegemea mkalimani ambaye angeweza kumgeuzia maneno. Hilo ni jambo la kukumbukwa kuhusu mtu ambaye watawala waliofuata walimchora kama adui wa kila kitu kipya.

Kila serikali na shabaha yake

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, Kandt alikuwa likizoni Ulaya. Hakurudi tena. Alihudumu kama daktari wa jeshi, na alifariki Nuremberg mwezi Aprili 1918. Nafasi yake Kigali ilikuwa mikononi mwa Kapteni Max Wintgens, mwanajeshi kijana asiyependa kungoja.

Hapo ndipo inapoonekana jinsi vita vimoja vilivyoweza kuwa na sababu nyingi zisizokutana.

Ubelgiji ilikuwa na matumaini kwamba Kongo ingebaki nje ya mapigano, kwa mujibu wa mkataba wa Berlin wa mwaka 1885. Matumaini hayo yalikwisha tarehe 22 Agosti 1914, Wajerumani waliposhambulia Lukuga, bandari ya upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Kamanda wa majeshi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki, Paul von Lettow-Vorbeck, alikusudia kuwashughulisha askari wengi wa Uingereza kadiri iwezekanavyo ili wasipelekwe Ulaya. Kwa hesabu hiyo Afrika Mashariki yote ilikuwa uwanja wa kupoteza muda wa adui. Rwanda, yenye watu wengi, ng'ombe wengi na chakula kingi, ilikuwa ghala lake la magharibi.

Tarehe 24 Septemba, Wintgens aliteka kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu. Kwa Wajerumani, kisiwa kilikuwa ufunguo wa ziwa. Kwa Musinga kilikuwa jambo jingine kabisa. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 ulikuwa umegawa mipaka kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza, na katika mgawanyo huo baraza la Nyanza lilijikuta limepokonywa Ijwi, Jomba na Bwisha, zilizokwenda Kongo, pamoja na Bufumbira, iliyokwenda Uganda. Mwami hakualikwa Brussels. Sasa, miaka minne baadaye, bendera iliyokuwa imekubali kuziachia ardhi hizo ilikuwa inairudia mojawapo kwa nguvu. Baraza likaona mlango umefunguka.

Hapa haki inataka jambo moja lisemwe. Ijwi ilitekwa na Rwabugiri, na alipokufa wenyeji wake walirudi kwa wafalme wao wenyewe. Dai la Nyanza juu ya kisiwa hicho lilikuwa dai la mtekaji, na hakuna anayejua kuwa wavuvi na wakulima wa Ijwi walilifurahia kuliko bendera ya Ubelgiji.

Musinga akatoa alichokuwa nacho: chakula, ng'ombe, wapagazi na vijana wa kupigana. Vijana hao, walioitwa Indugaruga, jina linalotokana na rugaruga wa Unyamwezi, walifunzwa na Wajerumani na kupelekwa upande wa Kivu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, mapigano yaliendelea karibu na Gisenyi, kati ya mto Sebeya na vilima vya volkano, bila upande wowote kuuvunja mwingine.

Maoni yasiyo na gazeti

Hapakuwa na gazeti Rwanda, wala bunge, wala baraza ambamo mkulima angesimama na kusema anavyoviona vita. Katika Nyasaland, mhubiri John Chilembwe alijaribu mwishoni mwa 1914 kuuliza gazetini kwa nini Waafrika wafe katika ugomvi usiowahusu. Barua yake ilizuiwa, na Januari 1915 aliongoza uasi uliomgharimu maisha. Kwenye pwani ya Kenya, Wagiriama waliotakiwa kutoa vijana wa kubeba mizigo ya jeshi walikuwa wamekwisha kuinuka mwaka 1914, katika upinzani ambao jina la Mekatilili wa Menza halitenganishwi nao.

Rwanda haikuona uasi wa namna hiyo dhidi ya vita vyenyewe. Kosa la wengi ni kudhani kwamba ukimya huo ulikuwa ridhaa. Maoni ya umma yalikuwa katika miguu na katika maghala. Mpagazi alitua mzigo usiku na kupotelea kwenye migomba. Mwenye ng'ombe aliwahamishia bonde lililo mbali na njia ya jeshi. Mwenye shamba alifukia chakula. Chifu aliyetumwa kukusanya watu alirudi na nusu ya idadi, na akaapa kwamba hao ndio wote.

Nao hawakuwa na maoni mamoja. Kwa baadhi ya vijana wa Indugaruga, bunduki ilikuwa heshima na njia ya kupanda cheo mbele ya mwami. Kwa watu wa Bugoyi, karibu na Gisenyi, vita vilikuwa jirani mlevi aliyelala uani kwao na kula akiba yao. Kwa watu wa kaskazini waliokumbuka mwaka 1912, kila pigo kwa Mjerumani lilikuwa pia pigo kwa Nyanza, na wapo waliongoja kuona Wabelgiji watakuja na nini.

Walikuja na mahitaji yaleyale. Mwezi Aprili 1916, chini ya Jenerali Charles Tombeur, majeshi ya Kongo yalianza kusonga mbele katika pande mbili. Kikosi cha Kanali Molitor kilishuka kutoka upande wa Uganda, kikapita karibu na Ziwa Muhazi na kuingia Kigali. Kikosi cha Kanali Olsen kilitokea kusini mwa Kivu. Wintgens, akihofia kuzingirwa, aliziacha ngome za Sebeya akarudi kusini kuelekea Burundi na hatimaye Tabora, ambayo iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba.

Jeshi lisilo na reli wala malori hutembea juu ya vichwa vya watu. Inakadiriwa kwamba katika vita vyote vya Afrika Mashariki upande wa Ubelgiji pekee ulitumia wapagazi wapatao 260,000. Upande wa Uingereza, ambako kikosi cha wapagazi kiliacha jina lake katika Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi, waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walizidi sana waliokufa kwa risasi. Wanyarwanda walichukuliwa na kupelekwa nchi za joto na mbu, wao waliozoea baridi ya vilima na chakula cha maharage. Unga wa mahindi usioiva vizuri uliwaua wengi ambao hawakuwahi kumwona adui.

Nyuma yao, mashamba yalibaki bila mikono. Maghala yalikuwa yameliwa na majeshi mawili kwa zamu. Mvua na magonjwa yakakamilisha kazi hiyo. Njaa iliyoikumba Rwanda, hasa kaskazini-magharibi, kati ya mwaka 1916 na 1918 ilipewa jina la Rumanura, na wazee waliendelea kuhesabia umri wa watoto wao kwa jina hilo: aliyezaliwa kabla yake, na aliyezaliwa baada yake. Bugoyi, iliyokuwa imewalisha askari wa Wintgens, ndiyo iliyozika wengi.

Mwami hakuwa na la kuwaambia. Alikuwa amewatoa vijana na chakula kwa ajili ya kisiwa, na kisiwa kilikuwa kimerudi kwa Wabelgiji.

Nchi juu ya meza

Kilichokuwa kinaendelea Ulaya wakati huo kingemshangaza hata Musinga, ambaye hakuwa mtu wa kuamini wageni kwa urahisi.

Serikali ya Ubelgiji, ikiwa uhamishoni Sainte-Adresse nchini Ufaransa kwa sababu nchi yake yenyewe ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, haikuitaka Rwanda kwa ajili ya Rwanda. Waziri wa makoloni, Jules Renkin, na washauri wake walilenga ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo, ambao ulikuwa sehemu ya Angola ya Wareno. Mpango ulikuwa huu: Ubelgiji iteke eneo kubwa la Afrika Mashariki ya Kijerumani, iipe Uingereza eneo hilo, Uingereza iipe Ureno kitu kingine, na Ureno iiachie Ubelgiji ukingo wa mto. Rwanda ilikuwa sarafu. Ndiyo maana Tombeur alihimizwa asonge mbele haraka na mbali: kadiri kilichotekwa kilivyokuwa kikubwa, ndivyo bei ingepanda.

Mpango haukufaulu, kwa kuwa Ureno haikukubali. Kwa makubaliano ya mwezi Mei 1919 kati ya Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji, Brussels ilibakiwa na Rwanda na Burundi, karibu kama mfanyabiashara anayebaki na bidhaa aliyokusudia kuiuza. Hata hivyo Uingereza iliikata Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda, kwa sababu ya ndoto ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo.

Kwa Nyanza hilo lilikuwa pigo zito kuliko la Ijwi. Gisaka ilikuwa malisho, watu na ushuru. Musinga alilalamika. Wamisionari wa Kikatoliki wakiongozwa na Léon Classe nao walilipinga jambo hilo, kwa sababu zao wenyewe, na tume ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule ikasikiliza. Gisaka ikarudishwa mwanzoni mwa mwaka 1924. Ulikuwa ushindi pekee wa mwami katika mambo yote yaliyotokana na vita, na aliupata kwa malalamiko, bila mkuki hata mmoja.

Kamembe, kisha Moba

Waliochukua nafasi ya Wajerumani hawakusahau alikuwa upande gani. Mwaka 1917 walimpokonya mamlaka ya kuhukumu kifo na wakamlazimisha kutangaza uhuru wa dini. Mwaka 1925 walimhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa abiru, wale watunzaji wa siri za ufalme, na sherehe ya mavuno ya kwanza, umuganura, ikapigwa marufuku. Machifu vijana waliosoma katika shule za Wazungu walianza kumwangalia mwami wao kama mtu wa jana. Mwenyewe alikataa kubatizwa.

Sifa alizopewa katika taarifa za wakoloni, za ukaidi, ushirikina na uvivu, zimerudiwa mara nyingi mno bila kuulizwa. Ni kweli kwamba utawala wake ulikuwa na ukatili, na koo zilizoangamizwa Rucunshu hazikuwa hadithi. Lakini mtawala aliyeona ufalme wake ukigawanywa katika mikutano ambayo hakualikwa alikuwa na sababu za kutosha za kuwa mgumu.

Tarehe 12 Novemba 1931, Gavana Charles Voisin alitangaza kwamba Musinga ameondolewa. Siku nne baadaye mwanawe Rudahigwa alitawazwa kwa jina la Mutara III, bila abiru kumchagua. Musinga alipelekwa Kamembe, kusini mwa Ziwa Kivu, mahali ambapo Ijwi haiko mbali. Mama yake, Kanjogera, aliyemweka kitini mwaka 1896, alimfuata uhamishoni na kufariki mwaka 1933.

Mwaka 1940, mwaka uleule ambao Ujerumani iliivamia tena Ubelgiji, mwami wa zamani alihamishwa kutoka Rwanda kabisa na kupelekwa Moba, katika Kongo. Mwaka 1943 Rudahigwa alibatizwa. Musinga alikufa mwaka 1944, vita vingine vya dunia vikiwa bado vinaendelea na vijana wa Kiafrika wakiwa tena chini ya bendera za wengine. Moba iko kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa bandari ya Lukuga, ile ambayo Wajerumani waliishambulia Agosti 1914.